Tanuri Nyuma ya Madhabahu

Nyakeru, tarehe 1 mwezi wa tisa, 2013. Jumapili.

Miriamu amesema niandike. Amesema, "Mama Byamungu, herufi umekwisha kuzijua, sasa zifanye kazi. Andika matendo ya Mungu ya msimu huu wa mvua. Siku ya ushuhuda utasimama usome."

Basi ninaandika. Shule sikuingia hata siku moja. Baba yangu kule Kaziba alisema mtoto wa kike akijua kusoma atasoma barua za wanaume, na nyumba haitalala. Herufi nimejifunza hapa, uzeeni. Miriamu aliandika kwa kipande cha chokaa juu ya mlango wangu, mimi nikafuatisha chini yake, mpaka mkono wangu ukaacha kutetemeka. Ananiongoza katika maombi, na bado ana saa ya kumfundisha mzee kichwa kigumu. Rafiki kama huyo sikuwa naye hata Kongo.

Tuko pembeni ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mahali, au fasi kama tunavyosema kwetu, mto Rwizi unapojipinda chini ya kilima cha mawe meupe. Tunavunja mawe, tunayachoma, yanakuwa chokaa, lori linapeleka Mbarara watu wapake nyumba zao. Wanaume wanachoma, wanawake tunavunja. Ukinishika mkono utafikiri umemshika mamba.

Juu ya kilima kuna pango. Pango ni letu, la maombi.

Tarehe 3.

Nimevunja mawe. Jua kali.

Tarehe 5.

Kayumba ametupigia kelele tangu asubuhi. Ni kapita wetu, msimamizi wa kazi, Munyankore wa Bwizibwera. Anaongea na watu kama anayefukuza mbuzi kwenye shamba la maharage. Tanuri la zamani lilikuwa chini karibu na mto, na mwaka jana mvua ilijaa ndani, chokaa yote ikaharibika. Sasa wamechimba jipya juu, ndani ya kilima, mvua isilifikie. Mwanangu Byamungu ndiye alichimba, na ndiye atachoma. Nyuma ya tanuri hilo kuna ukuta wa mwamba tu, na nyuma ya mwamba kuna pango letu.

Kayumba amemwomba Miriamu pango lenyewe pia, aweke magunia ya chokaa fasi kavu.

Miriamu akamwambia, "Nyumba ya Mungu si depo."

"Mungu hapana jua kusikia maombi kwa nyumba ingine?"

"Na chokaa haijui kulala kwa nyumba nyingine?"

Tulicheka mpaka akaondoka. Kofia yake aliisahau juu ya jiwe. Nimemrudishia. Mtu mbaya naye kichwa chake kinaungua.

Tarehe 8, Jumapili.

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Nina watoto wawili waliobaki, Byamungu na Mariette. Mariette ndiye kitinda mimba wangu. Siku walipomuua mume wake mbele yake, njiani, alifunga mdomo, na tangu siku ile hajaufungua ila kwa chakula. Miaka mitatu. Mtoto wake Grâce amejifunza kusema kwangu mimi, ndiyo maana anatukana kama mzee. Madaktari wa kambi walimtazama Mariette koo. Koo ni zima, wakasema. Mimi nilijua koo ni zima. Mimi ndiye nililitengeneza.

Jana wamewasha tanuri jipya. Leo asubuhi tukaingia pangoni kuomba. Mimi hukaa kwenye kigoda pale mlangoni kwa sababu ya magoti, wengine wanaingia ndani kabisa, hata fasi ya madhabahu. Madhabahu yetu ni jiwe bapa tu, limeegemea ukuta wa nyuma, na kitenge cheupe juu yake. Pango lilikuwa na joto zuri. Miriamu akasema huo ni uwepo wa Bwana. Tukaimba. Mara mwanamke mmoja akaanguka, akafuata mwingine. Kanisani kwetu mtu akianguka hivyo tunasema ameguswa na Roho, hatumwinui, tunamfunika kitenge. Mimi sijawahi kuguswa. Nimeona haya kwa jambo hilo miaka mingi.

Kisha Mariette akaanguka.

Nikasahau magoti. Nikaenda, nikamshika kichwa. Akafumbua macho. Akanitazama mimi, si mwingine. Akasema, "Mama, unitoe humu."

Alisema! Sauti yake ileile, nene kidogo kama ya baba yake. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Miriamu alilia kama mtoto. Ngoma ikapigwa, watu wakaruka. Nilitaka kumbeba nje watu wote wa Nyakeru wamwone, lakini Miriamu akasema, "Umuache kwanza, Roho hajamaliza kazi." Tukamlaza tena pale karibu na madhabahu, tukaimba mpaka jua likageuka.

Nyumbani amenyamaza tena. Ametapika kidogo. Haidhuru. Sauti ipo. Nimeisikia kwa masikio yangu haya.

Tarehe 10.

Popo wote wameondoka pangoni. Walikuwa mia na mia. Miriamu anasema ni mapepo yamekimbia.

Tarehe 13.

Chokaa imemrukia Byamungu jichoni akitoa mawe tanurini. Chokaa ikichomwa haitaki maji, na jicho ni maji. Nilimwosha huku nikimgombeza: kama ungekuwa mtu wa maombi jicho lako lingelindwa. Akaniambia, "Mama, punguza maombi, ongeza maji." Wamempeleka Ruharo, kwa hospitali ya misioni, wanajua macho kule.

Tarehe 15, Jumapili.

Tanuri limewashwa jana. Walioanguka ni wanne, Mariette pia. Hakusema kitu.

Tarehe 17.

Byamungu amerudi na kitambaa jichoni. Ataona. Nilimpikia sombe, majani ya muhogo, na samaki. Alikula ameinamia sahani, nikajua anataka kuniomba msamaha, nikamwambia kula, mjinga wangu, kula.

Tarehe 21.

Mvua. Imekuja na mawe ya barafu, imetoboa mboga zangu zote.

Tarehe 22, Jumapili.

Tanuri linawaka. Walioanguka sita. Watu wamekuja toka Base Camp, kule makao makuu ya kambi, kutazama. Jina la pango letu limefika mbali.

Tarehe 29, Jumapili.

Tanuri linawaka. Wengi. Mariette alianguka mapema kuliko wote. Nilingoja mdomoni mwake kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hakuna.

Mwezi wa kumi, tarehe 2.

Kichwa kinamuuma Mariette. Anakifunga kwa kitambaa na analala mchana. Grâce anamfungua jicho kwa kidole, anamuuliza, "Umo?"

Tarehe 6, Jumapili.

Kuni zimelowa, tanuri halikuwaka wiki hii. Pangoni baridi. Hakuna aliyeanguka. Miriamu amehubiri kwamba kuna dhambi ya wivu katikati yetu. Kila mtu alimwangalia mwenzake.

Tarehe 9.

Mvua. Mariette ameamka bila kichwa kumuuma, akamsuka Grâce.

Tarehe 13, Jumapili.

Tanuri linawaka. Walioanguka watano. Wivu umekwisha, nadhani.

Leo Mariette hakutaka kuingia. Alishika jiwe la mlangoni kwa mikono miwili. Vidole vyake nilivitoa kimoja kimoja. Nikamwambia, mtoto wangu, shetani ndiye hataki uingie, kwa sababu anajua sauti yako iko humu. Aliingia analia bila sauti. Moyo uliniuma, lakini dawa chungu pia niliwanywesha walipokuwa wadogo, nikiwabana pua.

Tarehe 15.

Kayumba ameniita kwa kidole pale tunapovunja mawe. Nyabo kwao ni mama.

"Nyabo, kuja hapa."

"Mimi si mbwa. Njoo wewe."

Akaja. Hilo lilinishangaza. Akachuchumaa karibu na mimi, akasema polepole, "Wewe sikia. Watu yako nalala ndani ya pango. Tanuri iko nyuma. Jiwe ile iko na ufa. Moshi naingia kwa watu."

"Moshi gani? Mimi nina macho."

"Hii moshi hapana onekana. Moto ikikaa sana, moshi yake hapana rangi. Kwetu mzee moja alilala karibu na tanuri sababu ya baridi. Asubuhi amekufa."

"Alikuwa mlevi."

"Ndiyo, mlevi. Lakini wewe ukilala pale utakufa hata bila pombe."

"Kayumba, wewe unataka pango uweke magunia yako."

"Nataka, ndiyo! Mvua inaharibu chokaa yangu. Lakini hata kama sitaki, mtoto toa."

Nikamwambia ana akili ya mbweha. Mtu aliyeomba pango mwezi uliopita, akakataliwa, leo anakuja na moshi usioonekana. Nimemsimulia Miriamu. Amecheka mpaka amekaa chini. "Sasa yeye ndiye anatufundisha sisi mambo yasiyoonekana?"

Tarehe 20, Jumapili.

Tanuri linawaka. Walioanguka wengi, mtoto mmoja pia. Nilimtazama Miriamu usoni. Anakonda. Macho yake yana maji muda wote na anasahau maneno katikati ya sala. Nikamwuliza kama anakula. Akasema chakula chake ni kingine.

Tarehe 24.

Mto umejaa. Maji yake yamekuwa meupe kwa chokaa inayooshwa na mvua. Nimepiga magoti kuchota, nikaona uso wangu mweupe kama wa maiti. Nimerudi na ndoo tupu. Grâce akaniita mvivu.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 3, Jumapili.

Mvua haikatiki. Lori la kuni limekwama barabarani, matope mpaka kwenye mlango. Tanuri limezimwa. Hakuna aliyeanguka.

Tarehe 10, Jumapili.

Tanuri limezimwa bado. Hakuna aliyeanguka. Watu wa Base Camp hawakurudi. Miriamu alilala kifudifudi mbele ya madhabahu akilia, "Bwana, tumekukosea wapi?" Nilimwinua mwenyewe. Ni mwepesi kama kuku.

Tarehe 12.

Hii si ya ushuhuda, lakini naandika. Mariette anaimba. Bila maneno, mdomo umefungwa, lakini anaimba, huku akimenya mihogo. Nilisimama nyuma ya nyumba sikutaka anione. Kichwa hakimuumi tangu tanuri lizimwe. Nimeandika hivyo, tangu tanuri lizimwe, kwa sababu ndivyo siku zilivyo. Sijui kwa nini mkono umeandika hivyo.

Tarehe 17, Jumapili.

Miriamu ametangaza kufunga. Siku tatu ndani ya pango, bila chakula, bila maji, bila kutoka. Mlango utafungwa kwa turubai mvua isiingie na macho ya watu yasiingie. Wataingia wale walio tayari tu. Ametaja majina. La Mariette lilikuwa la kwanza.

Nikasema, "Mariette anaanza kupona nyumbani. Anaimba."

Miriamu akanishika mikono yote miwili. "Mama Byamungu, dada yangu. Mdomo wake aliufungua nani? Unataka abaki na wimbo bila maneno?"

Sikutaka. Mungu anajua sikutaka.

Tarehe 20, Jumatano.

Wameingia leo asubuhi. Mariette hakushika jiwe safari hii. Alinitazama tu, kisha akaingia. Ningependa angeshika jiwe.

Mimi nimepewa kazi ya kupika uji wa mtama wa kufungulia, siku ya tatu. Ngoga ndiye shemasi, analinda mlango. Dada yake Umwiza naye yumo ndani.

Saa za mchana lori la kuni likafika. Kayumba alikuwa Mbarara. Mwenye tanuri alimpigia simu Byamungu kwamba wateja wanagomba, awashe bila kungoja. Amewasha.

Tarehe 21.

Mvua. Nimechambua mtama.

Tarehe 22.

(Ninaandika haya Jumanne iliyofuata. Mkono ulikataa.)

Ilikuwa Ijumaa, saa za mchana. Nilikuwa ninakoroga uji chini ya paa, mvua inamwagika. Byamungu akaja kutoka tanurini. Alikuwa amelala zamu yake nyuma ya tanuri, pale kwenye mwamba, kujikinga na mvua. Alitembea kama mlevi. Akaegemea nguzo ya nyumba yangu, akatapika.

"Mama, kichwa. Kichwa kinanipasuka. Hapa, fasi hii yote." Akajishika hapa mbele, juu ya macho.

Mariette hujishika hapohapo. Kitambaa chake hukifunga hapohapo.

Byamungu hasali. Tangu jeshi lilipoua baba yake hajaingia kanisani. Hajaingia pango lile hata mara moja. Na leo mtoto wangu asiyeomba ameshikwa na ugonjwa wa maombi. Nikamtazama, nikaona Jumapili zote zikija mbele yangu zimepangana, zile za moto na zile za baridi, na wale walioanguka na wale wasioanguka. Na Kayumba amechuchumaa, anasema, mtoto toa.

Nilikimbia. Magoti haya haya. Mwiko ulikuwa mkononi, sikujua.

Ngoga alikuwa amekaa mlangoni chini ya mwavuli.

"Ngoga, fungua."

"Mama, haiwezekani. Mpaka jioni."

"Wanaimba?"

"Waliimba jana."

"Leo je?"

"Leo wametulia. Wamezama katika Roho."

"Ngoga, mwanangu, nitolee turubai hilo."

"Mama Byamungu, mimi nimeapa..."

Nilimpiga na mwiko. Nilimpiga usoni, uji wa moto ukamwagika, akapiga kelele, nikampiga tena. Mtoto wa watu, mpole, hajanikosea kitu. Kisha nikang'oa turubai kwa meno na kucha. Upepo uliotoka ndani ulikuwa wa joto, wa kukaukia kooni, hauna harufu zaidi ya ile ya kila siku. Sisi sote Nyakeru tunanuka moshi. Nani angeshangaa?

Walikuwa wamelala vizuri. Hilo ndilo linanirudia. Hakuna aliyejikunja, hakuna aliyejikuna. Wamelala kama watu waliochoka harusini, vitenge vimewafunika. Nilimshika Mariette kwa miguu nikamvuta. Nilimvuta juu ya wengine, Mungu anisamehe, nilimkanyaga mtu. Ngoga aliingia nyuma yangu damu inamtoka puani, akamtafuta Umwiza kwa kupapasa. Byamungu akaja kwa kutambaa. Kayumba alikuwa amerudi na lori saa ileile, akaingia na vijana wa mawe, amefunga shati puani, anapiga kelele zake zilezile, "Toa! Toa! Hapana omba, toa!" Sijasikia sauti nzuri kama ile.

Tukawalaza mvuani. Miriamu nilimgeuza mwenyewe. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya msichana. Nilifikiri yu hai. Nikamwita, nikampiga makofi, nikamwambia, amka, mwalimu wangu, amka uniandikie juu ya mlango. Mvua ilikuwa inajaa ndani ya macho yake na hayafumbi.

Wanne wamekufa. Miriamu, na Umwiza, na mke wa fundi baiskeli, na bibi mmoja wa kutoka Uvira aliyekuja kuombea mguu.

Mariette alikuwa anapumua.

Kayumba alichukua mtaimbo akaenda kubomoa tanuri. Kazi ya siku tatu, mali ya tajiri wake, na moto haujamaliza. Alilibomoa peke yake, anatukana kwa Kinyankore, na machozi yanamtoka. Mvua ilipoingia juu ya mawe yale, yakaanza kuchemka na kupasuka, mvuke mweupe ukapanda juu ya kilima chote, tusionane. Katikati ya mvuke huo nilishika kifua cha mtoto wangu, nahesabu kinapopanda.

Tarehe 27.

Hospitali ya Mbarara. Amefungwa mpira wa hewa puani. Amefumbua macho. Hatazami fasi yoyote.

Tarehe 29.

Mariette vilevile. Jirani wa kitanda ananigawia chai. Anauliza mtoto alipatwa na nini. Nikasema moshi.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 1, Jumapili.

Tumerudi Nyakeru. Mikono ya Mariette inatetemeka, hawezi kushika kijiko. Grâce anamlisha, anamwambia, "Fungua, mjinga wangu, kula." Sijui nilimfundisha lini.

Wamewazika juu ya kilima mimi nikiwa Mbarara. Byamungu alichonga misalaba, akaipaka chokaa. Chokaa ya siku zile, iliyobaki.

Tarehe 3.

Polisi. Wameuliza nani alifunga turubai. Kisha wakauliza nani aliwasha. Byamungu akasema, "Ni mimi." Nikasema, "Aliambiwa." Wakasema, "Wewe mama nyamaza." Nikasema mimi nimenyamaza vya kutosha msimu huu. Wameondoka bila mtu. Mwenye tanuri ametuma magunia ya unga. Wengine wamepokea. Wangu nimeacha njiani, umelowa.

Tarehe 5.

Wako watu hapa wanaosema mimi ndiye niliwaua. Eti zilibaki saa chache malaika ashuke, nikachana turubai. Wengine tulivunja mawe pamoja. Leo wamehamisha chungu zao za mawe mbali na yangu.

Tarehe 6.

Byamungu ameondoka. Atabeba mizigo Nyamityobora, mjini. Alisema hataki kuona jiwe jeupe tena. "Mama, kuni nilitia mimi." Nikamwambia, na mtoto nilimtia mimi. Boda ikaja. Nilimfungia mihogo.

Tarehe 7.

Ngoga amekuja. Uso umemchubuka pale uji ulipomwagikia. Nilifikiri amekuja kunipiga, nikaweka kigoda nje apate nafasi. Akakaa juu yake. Kisha akasema, "Mama, ulichelewa kunipiga."

Nikamkumbatia kichwa chake chote, kovu na yote.

Tarehe 8, Jumapili.

Siku ya ushuhuda. Pango wameliziba kwa mawe, tumesali chini ya miti. Mzee wa kanisa akauliza nani ana neno. Nilisimama. Niliacha karatasi hizi nyumbani. Nikasema:

"Mnakumbuka siku Mariette aliposema. Mlipiga ngoma. Alisema nini?"

Niliwatazama mmoja mmoja.

"Wote mlisikia. Mimi ndiye nilikuwa karibu. Alisema nini?"

Nikasema, "Alisema, Mama, unitoe humu. Tukapiga vigelegele, tukamlaza tena ndani. Nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Huo ndio ushuhuda wangu."

Nikakaa. Hakuna aliyesema amina. Miriamu angesema. Na huyo ndiye nililia kwa ajili yake, hapo hapo, mbele ya watu, kwa sababu simchukii. Nimejaribu.

Tarehe 11.

Kayumba ameleta maziwa toka kwao Bwizibwera, ndani ya dumu. Tajiri amemfukuza kazi. Alisimama mlangoni, akaona herufi za Miriamu juu ya mbao, zile za mwisho, sikuzifuta. Akauliza zinasema nini. Nikamwambia ni a, e, i, o, u tu. Akavua kofia.

Tarehe 14.

Mvua inakwisha. Mto umeanza kurudi rangi yake.

Tarehe 19.

Hakuna.

Tarehe 22, Jumapili.

Sikwenda kusali. Jua limetoka tangu asubuhi. Nilimtoa Mariette nje, nikamkalisha ukutani, nikawa ninachambua maharage karibu yake. Grâce alikuwa kwa jirani, anatukana watu huko.

Sauti ikasema, "Mama."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maharage. Sikugeuka haraka. Nilimeza vigelegele vikashuka kama jiwe. Nikamtazama mdomo, mdomo tu, nikangoja neno la pili.

"Maji."

Sikuita mtu. Sikumshukuru Mungu kwanza, atangoja. Niliinuka nikaenda kwenye mtungi, nikachota kikombe, nikamshikia kwa mikono yangu miwili kwa kuwa yake inatetemeka. Akanywa. Nikamwuliza, "Mengine?" Akaitikia kwa kichwa.

Nikaenda kuchota mengine.